Mama Samaki Hauzwi

Siuzi. Wacha nianze na hilo, ili kama kuna mtu amefungua maandishi haya akidhani nimezeeka nikalegea, afunge mapema aende zake akapalilie mahindi.

Vijana wa kanisa letu ndio walioniomba niandike juu ya kazi iliyonilea. Kiongozi wao aliniambia, "Mama, tuandikie kitu cha kututia moyo." Nikamwambia mimi siwezi kumtia mtu moyo, moyo kila mtu huja na wake. Lakini kuandika nitaandika. Shule niliacha darasa la tatu nikapewa jembe, na jembe halikuniuliza kama najua kusoma. Mjukuu wangu Nekesa ndiye anayepiga haya kwa kompyuta. Nimemruhusu arekebishe herufi. Maneno asiguse. Jana nilisema "nilimfukuza", yeye akaandika "nilimwomba aondoke". Nikamwambia arudishe.

Nilimfukuza. Tutafika hapo.

Kazi yangu ilikuwa trauti. Nyinyi mnaokaa Eldoret mjini, Huruma huko na kwingine, mkisikia samaki mnafikiria ngege wa kukaangwa, mbuta, na omena ya kupimwa kwa gorogoro. Hao ni samaki wa maji ya joto. Trauti ni mtu mwingine kabisa. Ngozi yake inateleza kama sabuni iliyolala kwa maji, mgongoni ana madoadoa meusi, na ubavuni ana mstari wa pinki kama msichana aliyejipaka rangi kwa haraka akienda harusi. Huyo ndiye wa kufugwa. Ana ndugu yake wa kahawia mwenye madoa mekundu, huyo hukaa mtoni chini ya mizizi, mkali, mchoyo, hataki jirani. Lakini wote wawili wanataka kitu kimoja: maji baridi, masafi, yanayotembea. Maji yaliyolala hawayataki, na mimi siwalaumu.

Ndiyo maana huwapati kila mahali. Unawapata huku juu Kaptagat, ambapo asubuhi nyasi huwa na barafu na ng'ombe hutoa moshi puani. Aliyenifundisha, Mzee Kibor, alikuwa anapima maji bila chombo chochote. Unatumbukiza mkono mpaka kiwiko, unaanza kusema Baba Yetu pole pole. Ukifika kwa mkate wetu wa kila siku na mfupa bado haujauma, toa mkono, nenda ukafuge bata. Siku hizi kuna kipimo cha kutia kwa maji kikakusomea. Ninacho, na ni kizuri. Lakini kikianguka kinavunjika, na mkono wangu umeanguka mara nyingi na bado uko hapa.

Nilikuja huku nikiwa msichana, kutoka upande wa Kimilili, kuchuma pareto. Nikatoka kwa pareto nikaenda kukamua ng'ombe katika shamba kubwa la tajiri mmoja. Chini ya zizi kulikuwa na mabwawa ya trauti. Mzee Kibor ndiye aliyekuwa mkubwa wa mabwawa, na msimu wa mayai ulipofika kila mwaka alikuja zizini kutuangalia mikono. Si sura. Mikono. Aliwachukua wakamuaji.

Sasa mniulize, mkamuaji na samaki wapi na wapi? Sikiliza. Mtoni, mama trauti huchimba changarawe kwa mkia, akataga humo. Bwawani hakuna changarawe ya kumtosha, basi anabaki na mayai tumboni mpaka yanaoza. Kwa hivyo anakamuliwa. Unamshika kwa kitambaa, kichwa juu, mkia chini, na kidole gumba kinateremka tumboni pole pole kuelekea chini. Hufinyi. Ukifinya unapasua figo na ini. Unamwomba tu. Kama yuko tayari, mayai yanatoka yenyewe kama shanga za rangi ya chungwa zikidondoka kwa beseni. Kama hayuko tayari, mrudishe majini, umwombe msamaha. Halafu dume naye anakamuliwa juu ya hayo mayai, unakoroga kwa unyoya wa kuku, na baada ya hapo tu ndipo unatia maji.

Wanawake wenzangu walinicheka sana sokoni.

"Nafula, ati siku hizi unakamua samaki? Hayo maziwa mnaweka kwa chai?"

Nikawajibu, "Njoo wewe nikukamue kwanza tuone kama kuna kitu."

Hawakurudia.

Siri ya kazi hii yote ni ukavu. Beseni kavu, kitambaa kikavu, mikono mikavu. Yai la trauti lina kijilango kidogo sana, na tone la maji likiligusa kabla ya mbegu ya dume, kijilango kinafunga. Halifungui tena hata ukiimba. Wapishi na wafua nguo hawaamini nikiwaambia kwamba kiumbe cha majini kinazaliwa kwa ukavu. Shauri yao.

Na hapa ndipo wakamuaji walipokuwa wazuri na tena wabaya. Mkamuaji yeyote wa huku ana kopo la mafuta ya kukamulia mfukoni mwa koti. Kabla hajagusa chuchu ya ng'ombe, vidole vyake vinaingia kwa kopo bila yeye kujua, jinsi nyinyi mnavyogusa simu. Mwaka mmoja Mzee Kibor alichukua kijana anaitwa Simiyu, mkamuaji hodari, ng'ombe mkali alikuwa akimwona analala chini. Simiyu akakamua trauti siku nzima, mikono laini, samaki hata hawakurukaruka. Sisi tukamsifu. Baada ya siku chache mayai yote kwenye trei zake yakawa meupe kama wali. Yai likiwa jeupe limekufa.

Mzee Kibor hakupiga kelele. Aliinua beseni la Simiyu, akalinusa. Akanusa tena. Akatugeukia.

"Nani amekuja hapa na ng'ombe?"

Simiyu akainua mkono kama mtoto wa shule. "Ni mimi, Mzee. Nilijipaka kidogo tu. Nilitaka wasiumie."

Mafuta yalikuwa yamefunika kila yai kama koti la mvua. Mbegu ya dume ilibisha hodi ikakosa mlango. Mzee alimwangalia, kisha akasema, "Huyu amekosea kwa huruma. Anayekosea kwa haraka ndiye mimi hufukuza." Tangu siku hiyo ilikuwa lazima kila mtu atoe kopo lake na kuliweka juu ya ukuta kabla ya kuingia, na anawe kwa jivu, ajikaushe kwa gunia. Mimi nilimcheka Simiyu msimu mzima. Kisha nikaolewa naye. Alikuwa mume mzuri, Mungu amlaze, na mpaka mwisho wake ukitaka kumkasirisha ungesema tu, "Nani amekuja na ng'ombe?"

Mzee Kibor mwenyewe hakuwahi kula samaki. Hata mmoja. Kwao, Wakeiyo wa zamani, samaki ni nyoka aliyehamia majini. Maisha yake yote aliwalea nyoka hao na kuwatibu, na jioni alikula ugali na mboga. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Askari wa benki hali noti." Binti yake Chebet, ambaye ni rika langu, alikuwa anamwekea beseni la jivu nje ya mlango. Baba mtu mzima, mkubwa wa mabwawa, anasimama kwa baridi ananawa huku binti anamuuliza kwa dirisha, "Nyoka wamebaki huko?" Anajibu, "Wamebaki." "Wote?" "Wote." Ndipo anafunguliwa.

Niwape mambo mengine mawili nisije nikasahau. La kwanza, yai likishalala kwenye trei, usiliguse wala usilitikise, wala usifunue gunia lililoifunika uonyeshe wageni. Tulikuwa na msimamizi aliyependa kuonyesha wageni. Kila Jumapili anafunua, "Tazameni, tazameni," na kila Jumatatu sisi tunaokota yaliyokufa kwa unyoya, moja moja, kabla ukungu haujashika mengine. Yai changa halitaki hodi. Linataka giza na maji yanayopita. Unangoja mpaka siku ya macho. Siku hiyo unafunua, na ndani ya kila yai unaona vitone viwili vyeusi. Ni macho. Kabla ya hapo ulikuwa na mayai. Baada ya hapo kuna mtu ndani.

La pili, chakula. Leo kinakuja kwa gunia kimeshatengenezwa. Sisi tulitengeneza wenyewe, maini ya ng'ombe, pumba, na omena tuliyopeleka kusagwa kwa posho mill. Mwenye kinu alitufukuza kwa rungu, kwa sababu waliokuja kusaga baada yetu walikula ugali wenye harufu ya omena. Kijiji kizima kilijua trauti wamekula nini.

Tajiri alipofariki, watoto wake waliuza shamba. Siku ya mwisho wafanyakazi tulipangwa mstari, kila mtu aseme anaomba nini cha kuondoka nacho. Wengine waliomba mabati. Mmoja aliomba kitanda cha tajiri. Mimi niliomba mama samaki na madume yao.

Msimamizi akacheka. "Mama, utawaweka wapi? Kwa sufuria?"

"Utawaona nikiwaweka," nikasema.

Tulikuwa na kipande chetu juu ya kilima, mimi na Simiyu, kando ya kijito kile kile kilicholisha mabwawa ya tajiri, jirani na boma la Mzee Kibor. Tulichimba mabwawa kwa mikono yetu. Samaki tuliwapandisha kwa mikebe ya maziwa, ile ya aluminiamu, vifuniko vimetobolewa, tukisimama kila mahali penye maji kuwabadilishia. Mzee Kibor, amezeeka, alitembea mbele na fimbo akisafisha njia kama anayetangulia bibi harusi. Watoto wa watoto wao ndio ninao leo. Ukiuza samaki wadogo umeuza mavuno. Ukiuza mama umeuza shamba. Kwa hivyo nilisema tangu siku ile, mama samaki hauzwi, na nikaandika kwa mkaa kwa ukuta wa banda, na herufi zilipinda lakini zilisomeka.

Kuna mwaka mmoja nilihama. Sitaueleza sana, wazazi wenu wanaujua. Mwaka huo watu wa huku tulihesabiana nani ni wa hapa na nani alikuja. Mimi nilikuja. Niliondoka na watoto na blanketi, Simiyu akiwa ameshatangulia kaburini, na nikalala kwa hema na wengine. Mabwawa niliyaacha. Niliyahesabu kuwa yameenda. Trauti haishi bila mtu, kwa sababu majani yakiziba wavu wa mfereji maji yanasimama, na maji yakisimama, kabla ya adhuhuri wamekufa.

Niliporudi, nyumba ilikuwa majivu. Nikateremka mabwawani nikiwa nimejiandaa kunusa uvundo. Nikakuta maji yanaimba. Na Chebet amesimama ndani ya mfereji na gambuti za marehemu baba yake, anatoa majani kwa reki.

Hatukusalimiana. Aliniangalia tu akasema, "Nyoka wako wamekula."

"Uliwalisha nini?"

"Mchwa. Na maziwa ya mursik yaliyoganda, hawakuyapenda." Akapanda ukingoni. "Niliambiwa ni mali ya mtu wa nje. Nikasema ni kazi ya baba yangu."

Basi. Hayo ndiyo maneno yote tuliyowahi kusema juu ya mwaka huo. Yalitosha, na nyumba nilijenga tena palepale.

Sasa nifike kwa huu mwaka wa juzi juzi, ambao ndio umefanya niitwe mkaidi mpaka kwenye mazishi ya watu.

Mvua ilichelewa. Kule juu walikuwa wamekata mianzi na miti ya chemchemi wakapanda mikaratusi, na mkaratusi unakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Kijito kikakonda. Maji yakaanza kupata joto. Nilitia mkono, nikasema Baba Yetu, nikafika mpaka amina. Mfupa haukuuma.

Mwanangu Barasa, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi hapo Eldoret, alikuja na mtu wa hoteli mwenye koti refu. Barasa ni mtoto mzuri. Alinipenda na ndiyo maana alikosea.

"Mama, hawa watakufa bure. Afadhali waende kwa sahani."

"Wadogo chukueni. Nilikuwa nawauza hata hivyo."

Yule mtu wa koti akaenda moja kwa moja kwa bwawa la juu, la mama samaki. "Hapana, Mama, mimi nataka hawa wakubwa. Nina harusi."

"Hao hawauzwi."

"Kila kitu kina bei yake, Mama."

Nikachukua reki. Hapo ndipo Nekesa aliandika nilimwomba aondoke.

Barasa alibaki amesimama, amekasirika. "Sasa umebaki na nini? Maji hakuna. Njoo ukae na sisi Eldoret. Tukichimba bwawa la ngege kule, maji ya joto hayatakuwa shida. Trauti ni samaki ya wazungu, Mama. Ilikuja na itaenda."

"Itaenda nikiwa nimeenda."

"Mama, utakaa hapa uangalie wakifa mmoja mmoja?"

Hilo ndilo nililoogopa. Mama samaki wale wakifa, hakuna duka la kununua wengine. Ukoo wote uliopanda kilima kwa mikebe ya maziwa ungekatikia mikononi mwangu, na hakuna mtu angejua uliwahi kuwepo isipokuwa mimi na Chebet, na sisi wenyewe si wa kudumu.

Nilifanya ninachojua. Kwanza niliacha kuwalisha. Majirani walisema nimechizi, naua samaki kwa njaa. Lakini trauti akila kwa maji ya joto, tumbo linataka hewa nyingi kuliko maji yaliyo nayo, na anakufa ameshiba. Njaa haimuui haraka. Shibe ndiyo inamuua. Pili, nilipanga mawe mfereji mzima ili maji yavunjike. Maji yakivunjika yanashika hewa, hata nyinyi mkimwaga chai kutoka juu mnaona povu. Tatu, nilifunika bwawa kwa matawi na magunia yaliyolowa. Nilikuwa nabeba matawi na huu mgongo wangu, na kila aliyepita alisema pole, hakuna aliyebeba.

Halafu asubuhi moja nikaamka mfereji umekauka.

Nilifuata kijito kupanda. Juu ya boma la Chebet nikakuta pampu inanguruma, bomba lake limelala ndani ya maji likifyonza yote, na viazi vya Kipruto vinanyunyiziwa kama vimebatizwa. Kipruto ni mjukuu wa Chebet, kwa hiyo ni kitukuu wa Mzee Kibor. Mtu mzima, ana mke, ana bidii. Sina neno baya juu yake isipokuwa siku ile.

Sikumwita. Nilivuta bomba kutoka kwa maji, nikaliweka kwenye nyasi, nikalikalia.

Pampu ikaanza kukohoa. Kipruto akaja mbio, akaizima isiungue.

"Mama! Unafanya nini? Shuka hapo!"

"Nimechoka, nimeketi."

"Mama, viazi vinakauka."

"Na samaki wanapumua matope."

"Lakini Mama, viazi ni chakula ya watu. Hizo samaki zako ni za wazungu. Zilikuja tu."

"Na viazi vilizaliwa hapa? Muulize mtu yeyote mzee, vilitokea wapi. Babu wa babu yako hakuvijua."

Akajaribu tena. "Si hivyo. Nasema tu hizo zilikuja, na vitu vilivyokuja..."

"Malizia," nikamwambia. "Mimi pia nilikuja. Vitu vilivyokuja vinafanywa nini? Malizia nikiwa nimeketi hapa nikuangalie macho."

Hakumalizia. Ni kijana wa heshima, na aliona kile alichokuwa anakaribia kukanyaga. Tukabaki hivyo, yeye amesimama, mimi nimekalia bomba kama kuku wa mayai, mpaka tukasikia fimbo ikigonga mawe. Chebet anatembea pole pole siku hizi, lakini sauti yake inatangulia.

"Kipruto, zima."

"Kogo," akasema, maana ndivyo Wakeiyo humwita nyanya, "nimeshazima. Lakini shamba litakauka."

"Sijasema usinyweshe. Nimesema mchana maji ni ya nyoka. Jioni ukishakamua, jaza tangi lako mpaka kuche. Usiku maji ni baridi, samaki hawahitaji mengi. Baba yangu alikuwa anafanya hivyo na watu wa kabichi." Akanigeukia. "Na wewe Mama Barasa, inuka. Umri huu unakalia maji, utashikwa na baridi ya mifupa."

"Siinuki mpaka aseme ndiyo."

"Sema ndiyo," Chebet akamwambia.

"Ndiyo, Kogo."

"Mwambie yeye."

"Ndiyo, Mama."

Nikainuka. Tuliinuana, kwa kweli, Kipruto alinishika mkono. Alitimiza ahadi. Alisahau mara moja, nikarudi nikakalia bomba, akakumbuka. Na alipochimba mashimo mapya ya miti mwaka huu, kando ya chemchemi ameweka mianzi. Sikumwomba.

Sitawadanganya kwamba wote walipona. Niliwazika baadhi chini ya sukuma wiki, na kila mmoja nilimjua. Waliobaki walikonda wakawa kama viatu vya zamani. Lakini mvua ilipokuja na ukungu wa mwezi wa saba ukashuka, walianza kula, wakajaa, na siku moja nikamshika mmoja tumboni nikasikia shanga.

Hapo nikaona shida nyingine. Vidole vyangu. Vimekunjika kama mizizi, kidole gumba hakinyooki. Ukimkamua trauti kwa kidole kama hicho, unamuua. Barasa hajawahi kukamua kitu chochote, hata dawa ya meno anafinya katikati. Nekesa alikuwa shuleni.

Nikaenda kwa Chebet. Ng'ombe wake anamkamua mwenyewe mpaka leo, na hakuna maziwa yanayobaki.

"Nataka mikono yako," nikamwambia.

Alijua mara moja. "Mimi sigusi nyoka."

"Baba yako aligusa maisha yake yote."

"Na alinawa kwa jivu kila jioni."

"Jivu ninalo."

Chebet akafunga leso kiunoni, tukatoka. Bandani nilimwekea kitambaa na beseni, nikamshika mama samaki wa kwanza kwa wavu, nikamfunika macho. Chebet akavuta pumzi. Na bila yeye kujua, mkono wake wa kulia ukaingia mfukoni ukatoka na kopo la mafuta.

"Nani amekuja hapa na ng'ombe?" nikapiga kelele.

Aliruka karibu aanguke bwawani. Halafu akaelewa, kwa sababu hadithi hiyo baba yake aliisimulia nyumbani mpaka ikachakaa. Tulicheka, wazee wawili, mpaka samaki akatukumbusha kwa mkia kwamba yeye hana siku nzima. Chebet akaweka kopo juu ya ukuta, akanawa kwa jivu, akajikausha kwa gunia. Akamshika. Kidole gumba chake kikateremka. Mayai yakadondoka kwa beseni kavu, moja, mengine, mengi, na yeye amekaza uso kama mtu anayeng'olewa jino.

"Anaumia?" akaniuliza.

"Wewe ndiye unaumia. Yeye yuko sawa."

Akamaliza mama wote na madume. Sikukamua hata mmoja, nilikoroga tu kwa unyoya na kumwaga maji wakati wake. Akanawa kwa jivu mara tatu, akaenda nyumbani, na nasikia usiku huo alikataa kula kwa mkono, alitumia kijiko.

Tulifunika trei kwa gunia. Hakuna aliyefunua. Barasa alikuwa ananipigia simu kila Jumapili. Zamani alikuwa anauliza, "Mama, uko aje?" Sasa alianza na, "Wako aje?" Nikamwambia yai changa halitaki hodi, hata ya simu.

Kwa hivyo nyinyi vijana mnaotaka nitoe funzo, funzo tafuteni kwa mhubiri. Mimi nimewaambia jinsi ya kukamua, jinsi ya kuvunja maji, na wakati wa kuacha kulisha. Mkiambiwa kitu hakiwezekani kwa sababu si cha hapa, muulizeni anayesema yeye alifika hapa lini na alibeba nini. Anayetaka kujifunza kazi hii aje, mabwawa yako palepale. Aje na mikono mikavu na kopo lake aliache nyumbani.

Siku ya macho ilipofika nilimwita Chebet. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Nikafunua gunia pole pole, nikainua trei karibu na mwanga. Alikuja hatua moja, kisha nyingine, akainama mpaka leso yake ikagusa maji. Ndani ya kila yai, vitone viwili.

"Mama Barasa," akasema kwa sauti ya chini. "Wananitazama."

"Basi watazame na wewe," nikamwambia. "Waambie hapa hakuna anayehama."